Nyoka Aliyeitwa Mpira

Kila ninaposhuka Msamvu na harufu ya mahindi ya kuchemsha ikanipokea pale stendi, ile ya maganda mabichi na mvuke wa chumvi, nacheka peke yangu mpaka wapiga debe wananikwepa. Si kwamba nashuka Msamvu mara nyingi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka jikoni kwenda kwenye kamba ya nguo, na nikivuka geti najiona nimehama mkoa. Lakini nikivutwa na msiba au harusi nikafika pale, harufu ile hunirudisha kwenye ujinga wangu mkubwa kuliko wote, na ninao mwingi wa kuchagua. Ngoja niuseme mapema tumalizane: niliwahi kumpa nyoka mahindi ya kuchemsha. Nilimchagulia hindi changa, nikampukuchulia punje laini za kule nchani, nikamwekea na chumvi pembeni, maana mgeni hapewi chakula cha baridi kisicho na ladha. Kisha nikakaa chini kumsubiri ale.

Msinicheke kwanza. Mwenye makosa ya mwanzo alikuwa mjomba.

Mjomba Kasiani, kaka yake mama, alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja aliyekuja Morogoro kufundisha mambo ya kilimo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ambayo mimi niliyakuta na rafu tupu na muuzaji anayesinzia yalikuwa yamejaa ghafla: dawa ya meno ya kuchagua, redio za kaseti, mashuka ya maua makubwa kama sahani. Mitumba ilimwagwa juu ya maturubai, watu wakainama wanachambua toka asubuhi mpaka jua linazama nyuma ya milima. Viliingia hata vitu ambavyo hatukujua vinatumikaje. Kwa hiyo iliposikika kwamba Mzungu kaja na nyoka wake wa kufuga kutoka kwao, watu wa mtaani kwetu Bigwa waliguna tu, wakasema kumbe hata nyoka siku hizi ruksa.

Mkataba wa Mzungu ulipokwisha akaanza kugawa vitu. Mpishi alipata friji. Mlinzi alipata baiskeli. Mjomba alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni mpira wa kumwagilia, ule mrefu wa kijani aliouvuta bustanini miaka yote. Kule kwake mlimani alikuwa na matuta ya kabichi na karoti, na maji aliyabeba kwa ndoo kutoka bondeni. Tatizo ni kwamba Kiswahili cha Mzungu kilitosha kununulia ndizi, na Kiingereza cha mjomba kilitosha kuitikia salamu. Mjomba akasema "mpira". Mzungu akatikisa kichwa kwa huzuni, akaonyesha mguu kama anapiga shuti: mpira hana. Ndipo mjomba akahamia kwenye mikono. Akachora hewani kitu kirefu. Akakichora kinajikunja, duara juu ya duara. Na ili pasibaki shaka yoyote, akatoa na ule mlio wa maji yanapoanza kutoka: sssss.

Mzungu alimtazama, macho yakamjaa machozi. Miaka yote aliyoishi kwetu hakuna mtu aliyewahi kumwomba nyoka. Akaingia ndani, akatoka na boksi la viatu lenye matundu, akamkumbatia mjomba kwa nguvu. Sasa mtu analia begani kwako, utamwambiaje kwamba hamkuelewana? Mjomba akapokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao, akashukuru. Mpira wenyewe aliuona unafungwa nyuma ya baiskeli ya mlinzi, unaondoka.

Mlimani hakuweza kwenda na boksi lile, maana mke wake angemrudisha njiani. Akaja kwetu Bigwa. Nanyi mnajua sisi Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo kaka wa mama akiingia uani hata baba hukaa vizuri kwenye kiti. Mama hakuweza kumfukuza mjomba, wala mzigo wake.

"Dada, mzigo wangu huu nauacha hapa kidogo."

"Mzigo gani unapumua, Kasiani?"

Mjomba akajieleza. Mpishi, aliyefika wakati keshakumbatiwa, alimtafsiria maneno ya Mzungu: huyu ni nyoka wa mahindi. Hana sumu, kwao watoto wanacheza naye. Wapo wa rangi nyingi, wapo weupe, wapo wa kijivu, wale ni wa bei mbaya. Huyu ni kifaranga tu, kaanguliwa juzijuzi, naye ni wa rangi yao ya kawaida: mwekundu.

Mama akafungua mfuniko. Ndani palikuwa na kiumbe chembamba kama penseli, urefu wake ungeenea kwenye rula ya shule na kubaki kidogo. Lakini wekundu? Alikuwa na rangi ya majivu yaliyolowa, na madoa ya ugoro yaliyopangana mgongoni.

"Huyu ndiye mwekundu?"

Mjomba naye akachungulia. Akalisogeza boksi kwenye jua. "Kwa Mzungu," alisema baadaye, "kulikuwa na taa nzuri."

"Kasiani, njiani ulipita wapi?"

"Nilipita mahali kidogo tu. Kusalimia."

"Kusalimia pombe. Na boksi?"

"Boksi lilikuwa chini ya benchi."

"Limefungwa?"

"Mfuniko ulikuwepo," alisema mjomba, akitazama viatu vyake.

Hapo kichwa cha jirani yetu, Mama Zuhura, kikachomoza juu ya ua wa makuti. Mama Zuhura alitoka Kigoma, aliuza mitumba sokoni, na hakuna jambo lililotokea uani kwetu bila yeye kulitolea hukumu. "Mama Tekla, mimi nakwambia," alisema, "mwekundu wa Mzungu keshashuka zake mtoni. Huyo ni mtoto wa kifutu, kaingia humo kupumzika."

Kifutu nyote mnamjua, akikuuma hakuachi salama. Basi mama akatoa sharti. Hataki kumvunjia kaka yake heshima, kwa hiyo nyoka atalala, lakini Jumapili tukitoka misa rangi yake iwe imejulikana. Akiwa mwekundu, ni yule wa Mzungu, atakaa. Asipokuwa mwekundu, ni wa porini, "na wa porini naijua dawa yake." Akalitazama jembe lililoegemea ukutani. Kisha akanigeukia mimi. "Na atakayenijulisha rangi ni wewe, Tekla. Uende ukaulize watu. Kwa vile naona umeshamtia mkono."

Kweli nilikuwa nimemtia mkono. Wakati wao wanabishana, yule mdogo alikuwa amejizungusha kwenye kidole changu kama pete, wa baridi na laini kama tumbo la mtungi wa maji, ulimi wake ukinipima ngozi. Mimi nilikuwa mtoto ambaye jioni wenzake wakicheza rede barabarani, yeye anakaa kizingitini anahesabu kuku wanaoingia bandani. Nikitumwa dukani, tumbo lilikuwa linaniuma. Hakuna kitu chochote kilichowahi kunishika kidole kwa hiari yake. Nikamwita Mpira, kwa heshima ya kile mjomba alichokikosa, na nikaapa kwamba jembe halitamgusa.

Jambo la kwanza lilikuwa ashibe. Nikafikiri kwa akili yangu yote: ndege wa mtama anakula mtama, sasa nyoka wa mahindi atakula nini? Ndiyo yale ya hindi la kuchemsha niliyowaambia. Mpira alizipita punje zangu kama mtu aliyevaa kanzu anavyopita kwenye tope. Nikajaribu na mahindi ya bibi, yale bibi yetu aliyokuwa akituletea kutoka mlimani, yenye punje nyeupe na nyeusi zimechanganyika kwenye gunzi moja. Mama alikuwa na gunia lake stoo, na magunzi ya mbegu yananing'inia juu ya moshi. Hakuyataka. Nikahitimisha kwamba anatamani chakula cha kwao, ule unga wa njano wa msaada tuliokula mwaka wa njaa, ambao watu wazima waliutania kwa jina la timu ya mpira yenye jezi ya njano. Na mtu niliyemfikiria kuwa na akiba ya kitu chochote cha kutoka ng'ambo alikuwa Mama Zuhura.

Nikapiga hodi, boksi kwapani.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba. We Tekla! Tangu uzaliwe hujapiga hodi mlango huu, leo umekuja kumwombea nyoka unga?" Alicheka mpaka akashika nguzo. Alipomaliza alichukua henga ya nguo, akausukuma nayo mfuniko wa boksi ili achungulie kwa usalama, akakunja uso kama anakagua shati. "Rangi hii sokoni tunaiita maji ya kunde. Lakini maji ya kunde iliyofuliwa mno. Mtumba huu, mwanangu, na wala si wa daraja la kwanza."

Huko nje wanawe walikuwa wamesikia neno nyoka. Nilipotoka kulikuwa na watoto wa nyumba ya tatu, na nilipofika pale barabara inapobana, wa Bigwa yote. Kila mmoja alitaka kuona, na kila aliyeona alikuwa na rangi yake. Kijivu. Ugoro. Rangi ya tope. Mmoja alisema rangi ya chai ya shuleni, na huyo ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Nilizunguka na boksi langu mpaka nikafika mahali ambapo sikuwahi kufika kwa miguu yangu mwenyewe, yaani ng'ambo ya daraja.

Jioni niliweka matumaini kwa baba. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo, idara ya rangi, akirudi nyumbani kucha zake zilikuwa za buluu Jumatatu na za kijani Jumanne. Alimpeleka Mpira dirishani, akamgeuza huku na huku. "Damu ya mzee," akatamka kwa sauti ya kazini. "Chini ya huu uchafu kuna damu ya mzee."

"Huyo msimsikilize," mama alisema kutoka jikoni. "Timu yake ni ya wekundu. Wakishinda, hata mchicha anauona mwekundu."

Lakini mimi nilikuwa nimeshika neno moja: chini ya huu uchafu. Asubuhi yake nikachota maji kwenye beseni, nikakata kipande cha sabuni ya mche, nikamfua Mpira. Taratibu jamani, kwa ncha za vidole, kama nilivyofua leso ya Komunyo ya Kwanza. Nikamsuuza, nikamkausha kwa kitambaa.

Alipoamka siku iliyofuata alikuwa ameharibika. Ule ugoro wenyewe ulikuwa umefifia, mwili mzima umeingia ukungu kama chungu kilichopakwa majivu, na macho yake, yaliyokuwa meusi na maangavu, yalikuwa ya maziwa yaliyotiwa buluu. Mama alitupa jicho moja ndani ya boksi.

"Amechuja," alisema.

Neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mama mwaka ule. Vitenge vipya vya dukani vilikuwa vinang'aa kwenye rafu, unafua mara moja, rangi yote inabaki kwenye beseni. "Si ndiyo vitu vya siku hizi," mama aliendelea, "hata nyoka wao anachuja." Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nilipomwaga yale maji, nikapiga magoti, nikaanza kutafuta wekundu kwenye udongo. Na udongo wa Bigwa, kama mnavyojua, ni mwekundu wote. Nikalia pale mpaka kuku wakaja kunitazama.

Jumapili misa ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Sikusali kwa ajili ya dhambi zangu, nilisali kwa ajili ya rangi. Padri alikuwa amevaa kijani. Nikakumbuka kwamba Kwaresima alivaa zambarau, na Pasaka nyeupe, na Pentekoste nyekundu, na hakuna aliyemwambia amechuja wala kumtafutia jembe. Nikamwomba Mungu amfikirie Mpira kwa utaratibu huohuo.

Tulirudi nyumbani sote, mama mbele, baba, mimi, na mjomba aliyeshuka mlimani kusikiliza hukumu ya mzigo wake. Mama Zuhura alikuwa tayari uani kwetu, kakaa kwenye kigoda chetu. Nikafunua boksi.

Ndani kulikuwa na ngozi tupu. Nyembamba kama mfuko wa nailoni, imepinduka nje ndani, na mahali pa macho pana vifuniko viwili vidogo vya kioo. Nikapiga kelele kwamba nimemfua mpaka ameisha.

"Ameisha wapi!" Mama Zuhura alikuwa amesimama juu ya kigoda kabla sijamaliza. "Kavua nguo huyo, yuko ndani ya nyumba! Mama Tekla, kifutu yuko ndani ya nyumba yako na yuko uchi!"

Mama alifunga kanga yake vizuri, akachukua jembe. Mjomba akakumbuka kwamba aliacha kitu getini. Baba akatangulia chumba hadi chumba na ufagio, mama nyuma yake, mimi nyuma ya mama nikimvuta kanga, "Mama, subiri, mama, kwanza rangi, ulisema rangi." Tukafika stoo. Baba akasimama mlangoni, ufagio ukashuka.

"Mama Tekla," alisema polepole, "njoo uone mwenyewe."

Mwanga wa dirisha dogo uliangukia gunia la mahindi ya bibi lililokuwa limetobolewa na panya. Juu ya punje, Mpira alikuwa ametulia. Sijui niseme alikuwa na rangi gani. Yale madoa ya ugoro yalikuwa yamewaka, mekundu ya tofali lililotoka tanuruni, kila moja limezungushiwa wino mweusi, na kati ya doa na doa shingoni palipita rangi ya chungwa. Alikuwa mpya kabisa. Na shingo yake ilikuwa imevimba, kwa sababu mdomoni palichungulia mguu wa kitoto cha panya, chekundu, hakijaota manyoya. Kando, ndani ya tundu la gunia, tukaona kiota chenyewe, kimejengwa kwa nyuzi za gunia na vipande vya kanga ya mama, na ndugu za marehemu wamelala humo.

Tukamsubiri ameze. Mama alikuwa amepigana na panya wale tangu mavuno, kwa mitego na kwa paka wa kuazima aliyelala muda wote.

"Mgeuze," mama aliniambia.

Nikampokea Mpira kiganjani, nikamgeuza taratibu. Tumbo lake lilikuwa limepangwa vijumba vyeupe na vyeusi, cheupe, cheusi, viwili vyeupe, cheusi, kama gunzi la mahindi ya bibi. Mama alinyoosha kidole, akaligusa tumbo lile pale alipoweza, akatazama gunia, akatazama tumbo.

"Haya," alisema, akaegemeza jembe ukutani. "Ni wa mahindi."

Baba alitoka uani mikono juu akishangilia kama timu yake imechukua kombe. Watoto wa barabara nzima wakaingia. Mjomba alirudi kutoka getini na uso wa mtu ambaye hakuwa na shaka hata siku moja. Mama Zuhura alishuka kwenye kigoda, akamkagua Mpira bila henga safari hii, akakiri kwamba ni daraja la kwanza. Ila yeye alikuwa wa timu ya njano. "Hebu mwangalieni hapo ubavuni," alisema. "Hiyo si njano? Nusu yetu huyo." Ubishi ule ulidumu kuliko Mpira mwenyewe. Alikaa kwetu mpaka mavuno ya mwaka uliofuata, halafu siku moja boksi likawa tupu na hakurudi. Panya hatukuwaona tena muda mrefu, na mama kila akipima mahindi alisema yupo, anafanya kazi.

Mimi niliamini kwa miaka mingi kwamba niliokoa maisha ya nyoka kwa kumtafutia rangi. Hadi hivi karibuni, tumekaa uani palepale, mama miguu yake haimpi tena ruhusa ya kupanda mlimani, Mama Zuhura kando yake wanachambua mchicha, nikawasimulia wajukuu zake. Nilipofika kwenye jembe mama akacheka.

"Tekla, mimi nimezaliwa mlimani. Kifutu nitashindwa kumjua? Siku ile ile nilipofunua boksi nilijua si wa kwetu."

"Sasa kwa nini ulinizungusha na boksi Bigwa nzima?"

"Ulikuwa hutoki," alisema, akiendelea kuchambua. "Nilijaribu kukutuma chumvi, ukaumwa tumbo. Nikakutuma rangi, ukavuka daraja."

"Na jembe?"

"Jembe lilikuwa la kukuharakisha."

Nikawaona tena wale watoto waliojaa uani Jumapili ile, ambao kuanzia siku hiyo waliniita kwa jina, wakaja kunigongea jioni, na wawili kati yao ndio walionisimamia harusi. Nilikuwa natafuta neno zuri la kumwambia mama, na nadhani nilikuwa karibu kulipata, wakati Mama Zuhura, bila kuinua macho kwenye mchicha, alipofunga kesi:

"Ulipoteza nguvu zako bure, Mama Tekla. Nyoka alijivua gamba akatoka kwenye boksi. Huyu wako mpaka leo yumo."